Chungu Kimoja, Mabakuli Mawili: Maisha ya Bi. Tsuyu Kajiwara (1921–2002)

Wazee wetu, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki na tope lake, asanteni. Majivu tunayoyazika leo, tarehe 6 Novemba 2002, siku ya arobaini na tisa tangu kufariki kwake, ni ya Tsuyu, mjane wa Eikichi Kajiwara wa kijiji cha Kamitose. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa mwisho, Nobue, ndiye huyu anayeusoma. Mahali sauti itakapopanda, mtamsamehe. Marehemu alinyamaza maisha yake yote, na kunyamaza kwake kulitosha familia nzima.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1921 katika kijiji cha Orisawa, upande wa pili wa mlima, ambako maji ya kunywa na ya mashamba hutoka chemchemi na hayajapita mgodi wowote. Alikuwa mtoto wa tatu wa Yasubei na Ine Tonami, wafugaji wa viwavi wa hariri. Kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kuchuma majani ya mforosadi kwa mikono miwili, haraka kuliko kaka zake.

Mwaka 1928 alianza Shule ya Msingi Orisawa, akamaliza darasa la sita mwaka 1934. Kuandika hakukumpenda sana. Lakini wazee wa Orisawa hadi leo wanasimulia siku mwalimu wao, Bwana Ubukata, alipoteguka mguu mlimani katika safari ya darasa. Wavulana walisimama wakikuna vichwa. Tsuyu, mwenye miaka kumi na miwili, akainama akasema, "Panda mgongoni, mwalimu, mvua inakuja." Akambeba mpaka langoni mwa shule. Kwenye ripoti ya muhula huo mwalimu aliandika maneno matatu tu: "Ana mifupa imara." Ripoti hiyo ipo nyumbani, anayetaka aje aione.

Alifanya kazi ya kusokota hariri mjini kwa miaka minne, kisha tarehe 12 Novemba 1941 akaolewa na Eikichi, akavuka mlima kuja kwetu, kwenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa na mto. Siku ya harusi mama mkwe wake, Bi. Kiwa, alimkabidhi mabakuli mawili ya buluu yaliyotoka tanuri moja, kubwa la mume na dogo la mke. Akamkabidhi na mwiko. Mkaza mwana ndiye hukaa karibu na chungu, hupakulia wote, hujipakulia mwisho. Baba mkwe kwanza, halafu mume, halafu mdogo wa mume, Torazo, halafu watoto, halafu mama mkwe. Samaki mkavu aliishia kwa wanaume. Mayai yaliishia kwa watoto. Kilichomfikia Tsuyu ni ukoko, vipande vya figili za chumvi, na supu iliyobaki maji.

"Mama, mbona wewe huna yai?" Nobue aliwahi kumuuliza.

"Nimeshaonja jikoni. Kula, wewe, maneno mengi!"

Nobue akala. Wote walikula. Hakuna hata mmoja aliyekwenda jikoni kutazama kilichoonjwa.

Mumewe alikwenda vitani mwaka 1943, akarudi 1946. Kati ya 1942 na 1955 marehemu alizaa watoto sita, akawanyonyesha wote, na wawili akawazika. Siku ya tatu baada ya kila uzazi alikuwa shambani, maji yamemfika magotini. Maji hayo yalishuka kutoka kwenye mgodi wa zinki wa huko juu, nao mgodi ulimwaga mtoni uchafu wake pamoja na kadimiamu, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mpunga uliinywa, nasi tukaula mpunga.

Maumivu yalimwanzia nyongani mwezi Machi 1957. Mwaka 1961 alikuwa anatembea kama bata, na watoto wa jirani walimwigiza njiani. Mwaka 1963 alipiga chafya akavunjika ubavu. Mwaka 1966 aling'oa figili, figili ikatoka na kifundo cha mkono kikavunjika. Yule aliyembeba mwalimu mlima mzima alipungua urefu kutoka sentimita 152 hadi 127. Kijijini walisema amewakosea mizimu ya ukoo wa Kajiwara. Wanawake tisa wa Kamitose waliugua hivyo, wote waliozaa. Wanaume hawakuugua hata mmoja, na neno hilo, badala ya kuwasaidia wanawake, ndilo lililowamaliza.

Mwaka 1974 aliomba kamati ya mkoa itambue kwamba aliugua kwa sababu ya mto. Kamati ilimwita mumewe. Nobue alikuwepo, aliyasikia kwa masikio yake.

"Bwana Kajiwara, nyumbani kwenu mnapika wali vyungu vingapi?"

"Kimoja, mheshimiwa."

"Bakuli lako na la mkeo, lipi kubwa?"

"Langu, bila shaka. Mimi si mwanamume?" Watu wakacheka, naye akacheka.

"Na wewe unaumwa nini?"

"Hata mafua sijui yanafananaje!"

Wakaandika: mume amekula wali uleule, tena mwingi zaidi, naye ni mzima, ugonjwa wa mke hauhusiani na wali. Waungwana watano wenye tai, waliokula mchana ule wali na samaki, hawakuuliza nyumbani kwetu wali huliwa na kitoweo gani, na nani hukipata. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Jioni ile Eikichi alimpakulia mkewe kwa mkono wake, katika bakuli kubwa. Marehemu akajaribu kulinyanyua, akalirudisha chini. Lilikuwa zito kwa kifundo chake. Eikichi hakucheka tena akizungumzia kamati ile mpaka alipofariki mwaka 1991.

Aliomba tena mwaka 1989. Safari hii walijibu kwamba aliumwa kwa sababu ya lishe duni. Tusimame hapa kidogo, ndugu zangu. Mara ya kwanza alikataliwa kwa kuwa alikula sawa na mumewe. Mara ya pili alikataliwa kwa kuwa alikula vibaya kuliko mumewe. Lolote lililofaa kumfungia mlango waliliita kweli.

Aliyeufungua ni mwanamke mwenzake, Daktari Minegishi, mtafiti wa matumbo, aliyekuja Kamitose kiangazi cha 1998 akakaa sakafuni karibu na godoro la marehemu.

"Bibi, ulizaa wangapi?"

"Sita."

"Nyama, mayai, samaki, ulikula?"

"Nilionja jikoni."

"Ulionja nini hasa?"

Marehemu alifikiri. "Harufu," akasema, nao wote wawili wakacheka mpaka mbavu zikamuuma, na kwake hilo halikuwa mzaha.

Daktari akaeleza. Ukuta wa utumbo, pale chakula kinapovuka kuingia damuni, ni mwembamba kuliko karatasi tunayobandika madirishani. Sumu nyingi huufikia, hukosa pa kupita, hutoka chooni. Lakini ukuta una milango midogo ya madini ya chuma. Mwenye damu iliyoshiba chuma, milango yake mingi hufungwa. Aliyemwaga damu kwa kuzaa mara sita na kula ukoko, utumbo wake huongeza milango na kuiacha wazi mchana na usiku, kwa njaa. Chuma hakiji. Inakuja kadimiamu, inapita mlango uleule wa chuma, inakaa kwenye figo, na figo zikiharibika mifupa inayeyuka. Chungu kimoja, wali mmoja. Kwa Eikichi sumu ilipita njia, kwa Tsuyu ilikaribishwa ndani.

"Kwa hiyo kosa langu ni njaa?" marehemu akauliza.

"Huna kosa, bibi."

"Najua sina. Nataka kujua lao." Akaongeza, "Walioleta sumu wako juu mgodini. Walioleta njaa nilikuwa nawapakulia mimi."

Nobue alikuwa ameshika sinia la chai. Yai lile alilikula yeye.

Wiki iliyofuata marehemu aliweka kidole gumba kwenye ombi la tatu. Aliaga dunia nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2002, saa kumi na moja alfajiri, kwa ugonjwa wa figo, akiwa na umri wa miaka themanini na moja. Kwa desturi tulimjazia wali bakuli lake dogo mpaka likawa na kilima, tukasimamisha vijiti viwili katikati. Kwa mara ya kwanza tangu 1941 alipakuliwa kabla ya mtu yeyote, na hakuwa na mdomo wa kuula.

Jeneza lilipotoka, Mzee Torazo alilichukua bakuli alivunje langoni, kama tunavyowavunjia marehemu wetu wote. Nobue akalishika upande wa pili.

"Achia, mtoto wewe! Lisipovunjwa atarudi kutafuta wali wake."

"Na arudi, baba mdogo. Wali wake anaudai."

Bakuli halikuvunjwa. Na baada ya mwili kuchomwa, tulipokwenda kuokota mifupa majivuni kwa vijiti, kama ilivyo desturi, vijiti havikupata cha kuokota. Kila mfupa ulioguswa ukawa unga. Mhudumu wa tanuri la kuchomea maiti alileta brashi na kizoleo, akasema kwa upole, "Poleni. Wanawake wa bonde lenu nimewazoea." Neno hilo nalo limeandikwa, pamoja na jina lake, naye amekubali kulirudia mbele ya kamati.

Marehemu ameacha watoto wanne, Shigeo, Hisano, Mitsuji na Nobue. Mkaza mwana Kazuyo, mke wa Shigeo. Wajukuu tisa, vitukuu watatu. Na bakuli dogo la buluu, zima. Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi, kamati itakapolisikiliza ombi la tatu, bakuli hilo litawekwa juu ya meza yake kando ya vigae vya lile kubwa lililovunjwa mwaka 1991, ambavyo marehemu alivihifadhi, na ripoti ya Bwana Ubukata itakuwa katikati yake.

Sasa tutashuka nyumbani kula. Mwiko atashika Shigeo. Atakayepakuliwa kwanza, na yai juu, ni Kazuyo, na sisi wengine, Mzee Torazo akiwemo, tutasubiri zamu zetu. Mama yetu na apumzike kwa amani, wala asionje tena jikoni.