Wasichana Mia Mbili na Kumi na Wanne wa Sista Tarehe

Ifikapo tarehe 30 mwezi huu, muuguzi wetu wa kliniki ya vijana atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi katika kituo hiki cha afya, na kesho yake ataamka akiwa mstaafu. Kamati ya jarida imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa kuwa ndimi mtunza faili wa masjala, na faili lake liko kwangu. Liko kweli. Lakini faili halimwambii mganga mkuu mbele ya watu kwamba kalamu iliyo mfukoni mwake si yake, kama afanyavyo yeye. Mengine nitayaandika kwa kichwa.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita. Miaka minane ya kwanza alikuwa wodi ya wazazi, sita iliyofuata akawa chumba cha chanjo, ambako watoto walimjua kwa harufu na kuanza kulia tangu getini. Kisha akahamishiwa chumba namba nne, katikati ya dirisha la dawa na stoo ya magodoro, kuanzisha kliniki ya vijana. Alipewa meza moja, viti vitatu na pazia la kijani. Pazia hilo amelifua mwenyewe kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu hamwamini mfuaji wetu, na mfuaji naye hamwamini yeye.

Jina la Sista Tarehe tunalijua sote. Huwezi kumwambia unaumwa asikuulize umeanza lini. Dereva wa gari la wagonjwa, mwanamume mzima na sharubu zake, alilalamika kichwa kinamuuma kwenye foleni ya chai akajikuta anahesabu siku kwa vidole. Ila wafanyakazi wapya hawajui jina lilitoka wapi. Nilimuuliza mwenyewe kama niliruke jambo hilo. Akasema nikiliruka nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine.

Wasichana wengi waliokuja namba nne saa nane mchana, shule zilipotoka, walikuja na shida moja: hedhi haitabiriki. Mwezi huu imekuja mara mbili, miezi miwili ijayo haionekani. Pembeni ameketi mama au shangazi, na usoni mwake kuna swali analoogopa kulitamka: huyu atazaa kweli? Sista aliwaeleza vizuri sana. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo tangu msichana avunje ungo, mwili bado unajifunza kazi. Yai halikomai kila mwezi, ndiyo maana siku zinarukaruka. Zikipishana siku ishirini na moja, au hata arobaini na tano, hapo hakuna cha kutisha, wala si dalili ya ugumba. Watu waliingia na mzigo, wakatoka wanapunga mikono.

Maneno yalikuwa ya kweli, lakini ukiyasema mara thelathini kwa wiki yanageuka wimbo. Foleni ilipozidi, Sista akaenda kuchongesha muhuri wa mpira wenye neno moja, KAWAIDA, akawa anaugonga kwenye kadi na kumwita anayefuata. Tulimsifu, na wa kwanza kumsifu nilikuwa mimi. Anayesoma miandiko ya wauguzi kutwa nzima hawezi kuuchukia muhuri.

Sasa niseme la kwangu, na binti yangu ameniruhusu. Alivunja ungo akiwa na miaka kumi na miwili. Akiwa na kumi na mitano nilimpeleka namba nne, akagongewa KAWAIDA. Mwaka uliofuata akaenda tena, akaulizwa kama anaziona siku zake, akajibu anaziona, muhuri ukagonga. Alipofika miaka kumi na saba nilikuwa napanga kabati lake nikakuta pakiti tano za pedi, zote nilizinunua mimi, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Mama yeyote anajua nilichofikiri. Nilimwita, nikafunga mlango, nikasema nisiyopaswa kusema.

Haikuwa mimba. Mtoto alikuwa hajaona hedhi kwa miezi saba, na siku zote hizo alikuwa amejihukumu peke yake. Wifi yangu aliwahi kusema mbele yake kwamba msichana anayepoteza siku hupoteza na watoto. Kadi nayo ilisema kawaida, basi akaona hata hospitali imemkatia tamaa kwa upole. Alikuwa ameshaamua hataolewa, asije akamtia mtu hasara. Miaka kumi na saba! Nililia kuliko yeye.

Kesho yake niliingia namba nne na kadi mkononi, na maneno niliyokuwa nimeyaandaa hayafai kwenye jarida. Sista aliichukua, akaitazama mihuri miwili, akaketi. Hakutafuta pa kutokea. Alisema tu kwamba alimuuliza binti yangu kama anaziona, hakumuuliza lini. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

Alimpeleka kwa daktari yeye mwenyewe, akiwa amemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Vipimo vya damu na picha ya tumbo vilionyesha homoni hazijakaa sawa, na ovari zina vijifuko vingi vidogo vya mayai yasiyokomaa. Zile chunusi na vinywele vya kidevuni tulivyovichukulia kuwa ni balehe tu, vilikuwa vinatuambia jambo. Akaanzishiwa dawa na kupangiwa siku za kurudi.

Mimi nilitaka ahadi. Nilimbana Sista ukutani, penye bango la kunawa mikono, nikamwambia aniahidi mjukuu. Akakataa. Alisema hakuna mwanamke duniani anayeweza kuahidiwa hivyo, hata mwenye siku za kutegea saa. Ila wengi wenye hali kama hii huzaa, wengine bila msaada, wengine kwa kusaidiwa na dawa, na kujua mapema ni nusu ya kazi. Kisha akamgeukia binti na kumwonya kwamba kuruka kwa hedhi si kinga, maana yai likiamua kuja halipigi hodi, asije akajidanganya. Binti alicheka katikati ya machozi. Mimi sikucheka.

Jioni ile muhuri uliingia kwenye tanuri la taka za hospitali. Asubuhi yake Sista alikuja masjala na kudai kadi zote ulizowahi kugonga. Nilimwambia ni miaka mitano ya kadi. Akavuta stuli. Wiki tatu, kila siku kuanzia saa kumi mpaka wafagiaji walipotufukuza, tulitoa droo baada ya droo, mimi bado nimenuna, yeye ana mafua ya vumbi. Tulipata wasichana mia mbili na kumi na wanne.

Mganga mkuu wa wakati huo aliona kituo kitachekwa. Sista akamjibu kwa barua ya ukurasa mmoja kwamba kosa ni lake na kicheko kitakuwa chake, akaniomba barua hiyo niiweke kwenye faili lake. Ndipo akaanza kuwatafuta: kwa simu, kupitia walimu, kwa miguu. Wawili walidhani wameshinda bahati nasibu. Mmoja alifungua mlango akiwa na pacha mmoja mkononi na mwingine mgongoni, akauliza kwa adabu kama hedhi yake bado ina tatizo.

Wengi wao walikuwa kawaida kweli. Kumi na mmoja hawakuwa. Mmoja alikuwa anatokwa damu siku kumi kila mwezi, ameishiwa damu, akidhani kila mwanamke anaishi hivyo. Mwingine shida ilikuwa tezi ya shingo. Mwingine alikuwa mkimbiaji wa shule aliyejinyima chakula ili awe mwepesi, hata mwili ukasitisha hedhi. Wote walitibiwa. Tangu hapo hakuna aliyetoka namba nne bila kalenda ndogo ya kutia nukta, na maelezo kwamba siku tisini zikipita bila hedhi, au damu ikizidi wiki moja, arudi hata kama hakuitwa. Leo vituo sita vya jirani vinatumia kalenda hiyo. Katika shule, Sista huwafundisha hata wavulana, na huwa anawauliza maswali mpaka wajasiri wa madawati ya nyuma wanatazama viatu.

Ana mapungufu yake. Hukopa kalamu harudishi, na huimba akiwa anahesabu dawa, kisha humlaumu msikilizaji hesabu ikikosewa. Anasema akistaafu atajifunza kuendesha baiskeli. Mumewe ameshanunua bandeji.

Binti yangu sasa ana miaka ishirini na minane, ni mpima ardhi. Hana mtoto, na bado hajaamua kama anamtaka. Mwezi uliopita wifi yangu alimuuliza mbele ya ukoo mzima anangoja nini. Binti alivuta kiti, akamweleza shangazi yake habari za ovari na homoni kwa utulivu na kwa kirefu, mpaka shangazi akanong'ona kuomba nafasi ya binti yake mdogo kuja namba nne.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, nikamtazama mtoto aliyewahi kujificha na pakiti tano za pedi akizungumza juu ya mwili wake bila kuinamisha kichwa. Nilidai mjukuu, Sista, nawe ukanirudishia binti. Ahsante, dada yangu. Nenda ukapumzike, uwe na afya na amani nyumbani kwako, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema, usihesabu hata moja.