Murhula, mwenye alipima kasiksi ya wakwe

Wapendwa, mutulie kidogo. Marehemu hakupenda makelele.

Murhula Déogratias alizaliwa Walungu tarehe 14 Aprili 1988, siku ya mvua yenye iliangusha ng'ombe kutoka mawinguni. Wenye hawaamini waulize koko yake Mélanie, mama ya muzazi wake, mwenye alimulea kisha mama kufariki.

Alisoma kulekule Walungu, akapata diplome mwaka 2007, kisha licence ya kemia ku chuo kikuu hapa Bukavu 2013. Koko alimuuliza: "Kemia inapikwa na nini?" Akajibu: "Na moto, koko." Hakudanganya.

Tangu 2014 alitumika ku laboratware moja kule Lwiro, akitafuta risasi, ile chuma nzito ya batri, yenye sumu, ndani ya maji, udongo na samaki. Alichemsha kitu na asidi, akakichuja, mashini ikakirusha ndani ya moto wenye mwangaza wa taa unapita. Risasi ikiwa ndani, inameza kipande cha mwangaza, na mashini inasema ni kiasi gani. Ungetupa sindano katika Ziwa Kivu, angekuambia ilishona nguo ya nani.

Mwaka 2017 alienda Kadutu kuposa Jeanine. Papa Gérard, baba ya binti, alionja kasiksi, pombe ya ndizi, yeye kwanza, kusudi mugeni aone haina sumu, akamupa kibuyu. Murhula akaona kule nyuma pipa ya zamani, rangi inabanduka, yenye walipikia. Akamimina kasiksi kidogo ndani ya chupa.

"Papa, niruhusu nipime kwanza."

"Upime nini? Nimekunywa mbele yako! Unaniita mulozi ndani ya nyumba yangu?"

"Hapana, papa, ni ile pipa..."

"Toka!"

Alirudi na matokeo: risasi ilikuwa mingi. Pipa waliitupa. Na mukwe vilevile.

Hakuoa maisha yake yote. Habari ilizunguka, watu wakaacha kumukaribisha. Kila mutu aliogopa kikombe chake kitapelekwa Lwiro. Siku ya yenga, Jumapili, alikula peke yake, redio wazi, asikie tu sauti ya watu.

Mwezi wa pili 2024, figo zilianza kumushinda. Kule hospitali alisema: "Koko, ongea tu, hata kama unadanganya." Koko akadanganya mpaka akacheka. Alifariki tarehe 3 Novemba.

Ameacha koko yake Mélanie na mudogo wake Gentil. Mujane hakuna. Mutoto hakuna.

Nanyi wenye mumesimama mbali kule nyuma, mukaribie. Leo hapimi kitu.

Lala salama, Murhula. Uko na wageni.