Alute Alifungwa Kamba

Ndugu Mgeni Rasmi, sisi wake na mama wa mgambo waliokwenda vitani tunakukaribisha kijijini kwetu leo, mwaka 1980. Risala hii haikupitishwa na Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Antipasi. Alishaikataa.

HISTORIA
Mwaka 1978 kijiji kilitoa vijana wanne kwenda vitani. Alute, mwana wa mama yetu Stumai, ndiye aliyejiandikisha kwanza. Aliondoka ni mkulima wa jembe la ng'ombe, mcheshi, hana ugomvi na mtu. Walirudi watatu. Melkiori aliuawa na kombora akiwa bega kwa bega na Alute, wakigawana kipande cha muhogo.

MAFANIKIO
Tumelima ekari arobaini za mtama na tumeezeka shule kwa mabati. Mwenyekiti alitaka risala iishie hapa.

MATATIZO
Siku ya kuezeka, bati lilianguka kwa kishindo. Alute alimrukia mama yake, akamwangusha mtaroni, akamlalia kumkinga. Mkono wa mama ukavunjika. Alute alipozinduka alilia: "Mama, sikukuona wewe. Nilimwona Melkiori."

Antipasi akasema, "Anajifanya kichaa akwepe shamba la ujamaa."

Akaamuru afungwe kwa kamba za ng'ombe kwenye nguzo ya ghala. Siku mbili! Mtu aliyekabidhiwa bunduki ailinde nchi hii! Mama Stumai ndiye aliyemfungua, kwa meno, mkono mmoja ukiwa umefungwa banzi. Tangu hapo Alute halali, wala hali mbele za watu.

Jana tuliagizwa tumfungie humo ghalani usije ukamwona. Tumekataa.

MAOMBI
Kisima hatukiombi leo. Tunaomba daktari wa maradhi ya akili, kwa Alute na kwa wenzake wawili wanaonyamaza. Njia ya kuja kuwachukua mliijua. Ya kuja kuwatibu imewapotea? Antipasi naye amwombe radhi hapa hapa, sote tukisikia.

Alute ni yule mwenye shati la kaki, aliyeshikwa mkono na mama yake. Usitume mtu amwite. Inuka mwenyewe, mwendee kwa mbele akuone unavyokuja, umsalimie kwa jina lake.

Mungu akujalie usingizi, nasi atukumbuke.

Ni sisi, Wake na Mama wa Mgambo, Tarafa ya Ihanja.
Imesomwa na Dorika, mjane wa Melkiori.