Punda wa Gazeti la Kandili

GHATTAS: Haloo? Nani? Sema upesi, meya anakaribia kufika!

RINDALA: Rindala, ami. Nipo maktaba, hapa Beirut.

GHATTAS: Roho ya ami yako! Umelipata? Lile *Kandili*, gazeti la babu Shukrallah, lililomfungisha?

RINDALA: Nimelipata. Ila ami... hiyo hotuba yako ya kumsifu babu usiisome.

GHATTAS: Nini? Simu inakwaruza—

RINDALA: Usiisome! Babu hakumkemea Sultani wa Waturuki. Hata mstari mmoja!

GHATTAS: Wee! Jiwe lake la kumbukumbu limeshachongwa! "Alimkemea Sultani bila woga." Liko hapa, limefunikwa pazia!

RINDALA: Mkaguzi wa serikali alimkatia makala. Na ilikuwa marufuku kuacha nafasi tupu, watu wasije wakajua kuna kilichokatwa. Basi babu akaziba pengo kwa tangazo.

GHATTAS: Tangazo gani?

RINDALA: Juu: "Mola amzidishie umri Sultani wetu mtukufu." Chini yake papo hapo: "Anauzwa punda mzee. Meno hana, hasikii, kazi imemshinda."



GHATTAS: Kwa hiyo alifungwa kwa ajili ya punda.

RINDALA: Miezi sita.

GHATTAS: Na shangazi yako kaalika ukoo mzima! Mpaka wale wa mjini Zahle! Unaijua midomo yao, watatucheka mpaka—

RINDALA: Ngoja kwanza! Ninalo pia toleo la alipotoka jela. Tangazo lilelile, palepale, chini ya Sultani.

GHATTAS: Tena? Mzee huyu! Si angempeleka punda wake sokoni kama watu wengine?

RINDALA: "Anayemtaka afike nyumbani kwa Shukrallah, ghorofa ya tatu."

GHATTAS: Ghorofa ya—

[Mkwaruzo.]

GHATTAS: Rindala. Babu hakuwahi kufuga punda.

RINDALA: Na ngazi angempandishaje, ami?

GHATTAS: Hahahaa! Mwanaharamu yule, Mungu amrehemu! Jiwe libaki, limesema kweli! Nisomee tena, naandika nyuma ya hotuba.

RINDALA: Haraka basi, salio linakwisha. "Anauzwa punda mzee—"

GHATTAS: Paza sauti!

RINDALA: "MENO HANA, HASIKII—"

GHATTAS: "Meno hana! Hasikii! Kazi imemshi—" Aa! Mheshimiwa meya! Karibu, karibu! La, la, wallahi si wewe—

RINDALA: Ami? Ami, msalimie sha—

[Simu imekatika.]