Cheche Anatafuta Mto wa Trauti

Benchi letu liko Kampala, nyuma ya uwanja wa Nakivubo, pale teksi zinapogeuzia na mtaro mkubwa unapopita ukinuka kama ahadi za wabunge. Ni ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori, na mbele yake mama tunayemwita Ssenga, yaani shangazi, anauza kahawa ya birika. Ukikaa hapo mara mbili unapewa jina. Mimi ni Digrii, kwa sababu ninayo, ya chuo cha Kyambogo, na zaidi ya jina hilo haijanipa kitu. Katembo, muuza vitenge kutoka Butembo ya Kongo, ni Baridi, maana hana habari isiyoanzia milimani kwao. Mzee Muhamadi, mwanajeshi wa ile serikali iliyoangushwa themanini na sita, ni Afande, na uongo wake una cheo kikubwa kuliko alichokuwa nacho yeye. Na Sylvanus Oloo, Mjaluo anayechomelea mageti duka la pili kutoka hapo, ni Cheche.

Mwezi ule Cheche alikuwa na shida moja tu. Watoto wake, Whitney na Travis, wanakaa Kisumu na mama yao, Valarie, na baba wanamjua kama sauti ya simu. Likizo ile Valarie alikuwa amekubali waje, kwa mara ya kwanza. Cheche akawaahidi safari ya kuvua trauti, samaki wa maji ya mlimani anayekamatwa kwa nzi wa bandia. Marehemu baba yake alikuwa akiwabebea Wazungu vifaa vyao vya kuvulia huko Elgon, upande wa Kenya, na alimwachia mwanawe ufito na kopo la nzi. Mto hakumwachia. Watoto walikuwa wafike wiki iliyofuata, na Cheche hakujua awapeleke wapi.

Nilimuuliza, wewe Mjaluo, ziwa zima liko hapo chini, unahangaikia kijito cha nini?

— Samaki wa ziwa ni kazi, alisema. Huyu unamfuata na mtoto, mnatembea juu ya mawe, mnanyamaza pamoja.

Basi tukaanza kumtafutia mto, kama benchi linavyotafuta kila kitu, yaani bila kuinuka.

Katembo alisema ni Ruwenzori tu, hakuna pengine. Kule juu, alisema, kuna barafu iliyolala tangu Mungu yuko kijana, na ndani yake samaki wamelala wima kama mishumaa. Jua likipiga, barafu inayeyuka kidogo, samaki mmoja anaamka, anateremka mtoni. Ndiyo sababu ni wachache.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alimalizia, mtu ambaye bahari hajaiona hata kwenye kalenda.

Afande alicheka. Alisema trauti hateremki, anapanda. Anauma maporomoko kwa meno, hatua kwa hatua, na akifika juu anang'aa mpaka wachungaji wanazima taa zao. Na huwezi kumvua kama una deni la mahari.

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema, na hakuna aliyejua anamkunja nani.

Nami nikatoa yangu, kwa hasira, maana ndiyo ninayoamkia. Niliwaambia huyu samaki ni mgeni. Aliletwa na meli akiwa yai, kwenye barafu, akapandishwa mlimani mabegani mwa watu. Akapewa mto mzima, maji safi na askari wa kumlinda. Hakuulizwa vyeti, hakuulizwa uzoefu wa miaka mitano, hakuulizwa anamjua nani Nakasero kwa wakubwa. Mimi mzaliwa, nina digrii na robo ya benchi.

— Banange, Digrii anaonea samaki wivu, Ssenga alisema, akanijazia kikombe.

Hapo ndipo Cheche alipofungua kopo la baba yake. Hatukuwa tumeliona ndani. Tuliinama wote. Ndoana ndogo ndogo zilikuwa zimevishwa manyoya ya kuku, uzi wa hariri, nywele za sijui mnyama gani. Kuna aliyefanana na mbu, kuna aliyefanana na nyuki. Mtu mzima mwenye vidole vya kubeba mizigo alikuwa amekaa mahali akamfungia nzi miguu. Katembo alivua kofia.

Kisha Cheche akamtoa mkubwa wao, wa kijani, mwenye mapaja marefu na mabawa yaliyokunjwa. Akasema huyu ndiye ambaye trauti hamkatai.

Ssenga aliweka birika chini.

— Hiyo ni nsenene.

Kila anayekaa Kampala anamjua yule panzi wa kijani, tunamkaanga msimu wake ukifika na kumla kwa mkono. Lakini Ssenga ni wa ukoo wa Nsenene. Yeye na ndugu zake hawamli wala hawamdhuru. Ni muziro wao, ni kama jamaa. Na hapa jamaa yake alikuwa amechomwa chuma tumboni, ananing'inia mbele ya kahawa yake.

— Mimi kahawa siuzi hapa kama huyo yuko kwa ndoana, alisema polepole, akafunika birika kwa kitambaa.

Katembo alitaka kueleza kwamba ni manyoya tu, nikamkanyaga mguu. Cheche alimtazama yule panzi, akaenda dukani kwake, akarudi na koleo. Aliikata ndoana taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba, akambakiza panzi mtupu kwenye kiganja.

— Nisamehe, Ssenga. Baba hakujua.

Ssenga alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kwenye kanga yake. Akamimina kahawa, Cheche akawa wa mwisho kupewa.

Tulipokuwa tunakunywa Afande akazungumza, na sauti haikuwa ile ya uongo.

— Mimi huyo trauti nimemuona.

Tukamtazama.

— Themanini na sita, tunakimbia. Tunapanda Elgon. Juu ya mianzi tunakuta kamto, unaweza kuruka. Maji safi mpaka unafikiri hakuna maji. Nainama kunywa, namuona. Ametulia, kichwa kwa mkondo, kama askari wa zamu. Madoadoa mwili yote, na mustari nyekundu ubavuni. Njaa ilikuwa inatuua. Nilikuwa na bomu ya mkono, sisi ndiyo tulikuwa tunavua hivyo. Nikaitoa. Nikairudisha.

— Kwa nini, Afande? Cheche aliuliza.

— Sijui. Tangu vita ianze, alikuwa kitu ya kwanza haikimbii mimi.

Teksi zilipiga honi zikachoka. Cheche alimuuliza jina la mto. Afande akasema jina hajui, lakini mguu unajua, na kama watoto watavumilia mzee wa kupumzika kila kona, atawapeleka mwenyewe.

Mto ukawa umepatikana. Cheche alisimama, akakaa, akasimama tena, akaanza kutusimulia mambo ya trauti kama mchumba anayesifia: anapenda maji baridi, anapenda kivuli cha mianzi, anapenda asubuhi kabla ya upepo, hapendi kelele, hapendi kivuli cha mtu kigusane na maji. Tulisikiliza midomo wazi. Nilianza kuamini kwamba kuna kiumbe duniani kinachojulikana hivyo.

Annick, mke wa Katembo, alikuwa amekuja kuchukua ufunguo wa duka na kusimama akisikiliza. Ana wiki chache tu tangu afike kutoka Butembo, jina hatujampa bado.

— Na batoto, papa Oloo, aliuliza. Bo banapenda nini?

Cheche alifungua kinywa kama mwenye jibu. Alimtazama Afande, na Afande, mwenye hadithi ya kila kitu, akatazama viatu vyake. Mimi nilisomea hata saikolojia ya mtoto, mihula miwili, na swali hilo halikuwamo.

Cheche alitoa simu, akaenda akasimama kando ya geti lake lisilopakwa rangi, mgongo kwetu.

— Whitney? Ni baba. Hapana, hakuna aliyeugua. Hapana, safari ipo. Nilitaka tu kukuuliza kitu.

Akamuuliza wanapenda nini, yeye na Travis. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, sikio kwenye simu, na benchi zima tukaacha kahawa ipoe.