Mzee Kisilu, Fundi wa Breki Aliyebebeshwa Kosa Lisilo Lake

Jumatatu, Juni 30, 2025, Mzee Kisilu Mutie anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na mmoja katika karakana ya Bustani za Kimbilio. Alikuja mwaka wa 1994 akitokea gereji moja ya Thika, akiwa na spana zake mwenyewe kwenye gunia la sukari.

Kazi yake ilikuwa matrekta madogo ya kukata nyasi. Kwenye matrekta yetu, pedeli moja ndiyo klachi na ndiyo breki: ukiikanyaga nusu, mkanda unalegea, ukiikanyaga yote, trekta linasimama. Likikataa kusimama, Mzee Kisilu alilala chini yake, akapima nafasi kati ya pedi na sahani ya breki, akakaza nati kidogo kidogo. Kisha alitia breki ya kuegesha na kulisukuma kwa bega. Magurudumu yakizunguka hata kidogo, alirudi chini. Wapishi walimcheka wakisema anapigana mieleka na mashine. Yeye naye aliwacheka kwa chapati zao.

Mei 2017, mvua ikiwa nyingi, aligundua kwamba pedi za trekta namba tatu zimekwisha. Hizo hazikazwi, hubadilishwa. Aliandika ripoti, akatoa ufunguo na kuupeleka ofisini. Lakini Jumamosi ilikuwa na harusi, na meneja wa wakati huo alitaka nyasi zikatwe.

"Hii ni ya kukata nyasi, si ya mashindano," alisema, akampa Kang'ethe ufunguo.

Kang'ethe, dereva wetu kutoka Witeithie, aliteremka na trekta hilo kwenye mteremko wa bwawa. Nyasi zilikuwa zimelowa. Alikanyaga pedeli hadi mwisho, trekta halikusimama. Lilipinduka na kumlalia mguu, na hospitalini ukakatwa chini ya goti.

Kamati ya uchunguzi ilikaa siku moja. Kang'ethe aliletwa kwa magongo, akasema wazi: "Mzee alinikataza. Mimi ndiye niliyeogopa kufutwa kazi."

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kikao hicho. Alipoanza kusema hayo niliambiwa niweke kalamu chini, nikaiweka. Ripoti ya fundi ilisemekana haikuonekana, ilhali mimi mwenyewe ndiye niliyeipokea. Jioni hiyo nilipiga chapa barua ya onyo kali kwa Mzee Kisilu, kwa "kuzembea katika utunzaji wa breki". Aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza yangu, akatia sahihi.

"Umeandika vizuri, Dianah," aliniambia. "Hakuna herufi iliyokosewa."

Kwa sababu ya barua hiyo, cheo cha msimamizi wa karakana kilimpita mara mbili. Mara zote mbili kilikwenda kwa watu aliowafundisha yeye kukaza mkanda wa klachi. Hakugoma, wala hakupunguza bidii. Miaka minane iliyofuata, hakuna trekta lililotoka asubuhi kabla yeye mwenyewe hajaliteremsha kwenye mteremko ule na kulisimamisha katikati. Na kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda Witeithie kumwona Kang'ethe. Sisi wengine tulikwenda mara moja, na soda.

Kwa sherehe hii ya kumuaga, nimeombwa niandike mambo ya kufurahisha. Nimejaribu. Lakini ni mimi ninayechapisha kijitabu hiki, na safari hii sitaacha kitu nje: Mzee Kisilu hakuwa na kosa. Alionya, akapuuzwa, kisha akaadhibiwa. Barua ile bado imo kwenye faili lake. Wakuu wetu mtakaoketi meza ya mbele, iondoeni kabla hajaondoka.

Asante, Mzee Kisilu, kwa kila mtu aliyeteremka salama. Tunakutakia afya, na usingizi mzuri huko Kiganjo pamoja na mkeo, Mama Mutie. Msamaha sitauomba kwenye karatasi. Nitakuja nyumbani kwako, na ukikataa kunifungulia, nitaelewa.

Dianah, Ofisi ya Wafanyakazi