Bi Thuwaiba na Barza za Kuazima

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026. Ng'ambo, hapa Unguja, imeamka na manyunyu ya kipupwe, na jua limetoka wakati tunafuta viti vya sherehe. Jumanne ijayo, tarehe 30, Bi Thuwaiba Machano, mwalimu wetu wa upishi na ujasiriamali, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika chuo chetu cha amali.

Aliajiriwa mwaka 1992 kufundisha upishi, na ualimu wa ujasiriamali aliupata kwa bahati. Somo lilipoletwa chuoni, mwenyekiti wa kikao aliuliza nani atalifundisha, na kila mtu akatazama viatu vyake. Bi Thuwaiba akainua mkono kuomba ruhusa ya kwenda kutazama keki jikoni. Mwenyekiti akaandika jina lake. Keki iliungua, lakini chuo kilipata mwalimu.

Wanafunzi wake wa mwanzo walifaulu vizuri, kisha wakarudi nyumbani kusubiri ajira. Aliwafuata mmoja mmoja kuwauliza kulikoni. Jawabu zilifanana: baba hataki, shangazi anacheka, majirani watasema nini. Hapo akabadilisha mtihani. Badala ya kuuliza "Una wazo gani?" akawa anauliza, "Nani kwenu atakuja?" Kila mwanafunzi alitakiwa aazime barza ya nyumba kwa jioni moja, auze alichokitengeneza, na mteja wa kwanza awe mtu wa kwao. "Mtoto hakosi wazo," husema Bi Thuwaiba. "Hukosa wa kumwambia endelea." Asiye na jamaa karibu aliazimwa Mwalimu Hamid wa ufundi umeme, ambaye hadi leo ni mjomba wa nusu ya wahitimu wetu, na kitambi chake ni shahidi.

Lakini hakuna jioni inayosimuliwa kama ile ya Ummkulthum Msabah, kule Bububu, mwaka 2019. Binti huyu alikuwa fundi wa mkate wa kumimina na hakutamani kazi nyingine. Baba yake, Bwana Msabah, alitaka asubiri kazi ya ofisini. Bi Thuwaiba alikwenda mara kadhaa kunywa kahawa pale, mpaka mzee akalegea nusu. "Jioni moja tu, Mwalimu," alisema. "Asipouza, nisisikie tena habari ya mikate." Nusu ya pili haikulegea: siku yenyewe alijifungia chumbani asionekane.

Bi Thuwaiba alishauri mambo yapendeze. Jamvi jipya litandikwe barzani, sinia zifunikwe kawa, kahawa iwe tayari, na udi ufukizwe ili wapita njia wavutike. Siku ikachaguliwa Alhamisi, saa ya watu kutoka msikitini baada ya alasiri. Yeye mwenyewe alichelewa njiani. Alipofika alikuta barza imejaa, viatu vimesambaa hadi ukingoni mwa njia, na Mzee Pandu, muadhini wa mtaa, ameinua mikono anaomba dua. Watu walikuwa wameliona jamvi, wakasikia harufu ya udi, wakadhani ni hitima, kisomo cha kumuombea marehemu ambacho wanaokuja hulishwa bure. Fatiha ilishasomwa na mikate ilishaliwa. Ummkulthum alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu, machozi yanamlengalenga, kwa adabu ameshindwa kuwakataza wazee. Na Bi Thuwaiba afanye nini? Alivua viatu, akakaa, akaitikia amina.

Dua ilipokwisha akawaeleza.

"Alaa!" akasema Mzee Pandu. "Kumbe tumekula biashara ya mtoto? Na mie nshakula vipande vitatu!"

"Vitano," jirani akamsahihisha. "Nlikuwa ubavuni mwako."

Kicheko kilichozuka kikamtoa Bwana Msabah chumbani. Kabla hajafungua mdomo wazee wakamgeukia: "Msabah, mkate huu kapika nani?" Mzee akaitazama sinia, akamtazama binti yake. "Kapika mwanangu," akasema. Wa nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti, amemshika bega: "Kapika mwanangu, huyu hapa!" Bi Thuwaiba husema mtihani ule aliusahihisha papo hapo, na wa kwanza kufaulu alikuwa baba.

Alhamisi iliyofuata Mzee Pandu alirudi na wenzake, safari hii na pochi zao. Mteja wa kwanza, kwa sharti la mwalimu, alikuwa Bwana Msabah. Alipokwisha kununua alisimama kando ya njia kuwatahadharisha wapitao: "Karibuni, lakini si hitima jamani!" Maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye kibao cha duka la Ummkulthum: SI HITIMA. Siku hizi mikate yake inaliwa hadi hoteli za Mji Mkongwe, na wanafunzi wetu wasio na barza huazima ile ya kwao Ummkulthum. Anayewapokea na kuwatandikia jamvi ni Bwana Msabah. Udi haruhusu.

Bi Thuwaiba, ahsante kwa kutufundisha kwamba hodi kwenye nyumba ya mwanafunzi nayo ni kazi ya mwalimu. Ahsante kwa kahawa zote ulizokunywa kwa watu hali ya kuwa huipendi. Tunakuombea afya, wajukuu watiifu, na usingizi baada ya swala ya alfajiri, ambao kengele ya chuo ilikunyima miaka yote. Tunakutakia mapumziko yenye heri.

Na nyinyi wageni wetu, mikate iliyo mbele yenu kapika Ummkulthum, na jamvi kalitandika baba yake. Leo wote wawili wamekubaliana kibao cha SI HITIMA kibaki Bububu. Kwa hiyo vueni viatu, kaeni, kuleni mshibe, kisha muinue mikono mumuombee dua mwalimu wetu.